Nusu Mtungi wa Maji ya Mvua

Walimu wenzangu wa kemia, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na kiti cha kukunja, mkaniomba niandike mambo ya zamani ili mjifunze. Saa yenu inakwenda mbele, na kiti kinanibana vidole kila nikikikunja. Kuandika nitaandika. Lakini mkitaraji habari za vyeo na mishahara mtanisamehe. Hivyo vilikuwa vidogo, tena vilichelewa, na hamna la kujifunza humo. Nitawaandikia habari za maabara ya kwanza niliyoingia, miaka ile ya vita, na za mtu aliyenifundisha kazi. Jina lake lilichafuliwa mjini humu bila ya haki, na mtu niliyekuwa nikichelea kumuumiza kwa kusema kweli ametutoka mwaka huu.

Mtu huyo aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Yusufali. Alikuwa Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa; jamaa zake wana maduka mjini tangu enzi za babu zao. Alisema Kimvita kama sisi, ila akikasirika alitukana kwa Kigujarati, akidhani hatuelewi. Tulielewa. Watu tumekua milango inatazamana, matusi ya jirani ndiyo ya kwanza kuyashika.

Nilifika kwake asubuhi, na cheti changu cha ualimu mfukoni, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Maabara yenyewe ilikuwa bohari ya zamani ya ngozi nyuma ya skuli, karibu na Kibokoni, ambayo ikinyesha mvua kuta zilitoa harufu ya ngozi za ng'ombe.

"Sabalkheri, Mwalimu," nikamwambia.

"Sabalkheri. Nionyeshe mikono."

Nikamwonyesha. Akaitazama kama mtu anunuaye samaki, kisha akanipa kapu zima la tyubu za kioo, akasema, "Osha."

Nikaosha. Nilichota maji kisimani, nikasugua kwa sabuni, nikasuuza, nikazipanga juani zikawa zinameta. Nikamwita kwa furaha. Akachukua moja, akatia maji kidogo yale yale ya kisima niliyosuuzia, akadondosha humo tone la dawa kutoka kichupa cha kahawia. Maji yakageuka meupe, kama maziwa yaliyokatika.

"Chafu," akasema.

"Lakini Mwalimu, si zinang'aa!"

"Kung'aa ni kazi ya sahani. Osha tena. Mara hii kwa maji ya mvua."

Nyinyi mnaifahamu dawa ile, lakini huenda waraka huu ukasomwa na wasioifahamu, kwa hiyo nieleze. Ni nitrati ya fedha. Kazi yake ni kutafuta kloridi, kile kitu kilichomo ndani ya chumvi ya kula. Ikikutana nacho, hata kiwe kidogo vipi, maji huwa meupe. Sasa basi, kisiwa chetu kimekaa juu ya bahari. Kila kisima cha mji wa kale kina chumvi. Kingine maji yake yamekolea hata hayanyweki, kingine maji yake ni ya pepo, matamu, watu hutoka mbali kuja kuyateka. Ulimi husema ni matamu. Fedha haidanganyiki. Hata maji ya mfereji ya serikali, ukiyatia tone, yalipiga weupe. Skuli ilikuwa na chombo cha kuvukizia maji yakawa safi kabisa, lakini mrija wake wa kioo ulipasuka, na meli za wakati ule zilikuwa zikibeba askari, hazikubeba mirija ya kioo ya walimu wa Mombasa. Tukabaki na mvua. Mvua ya kwanza tuliiacha ioshe bati, ya pili ndiyo tuliyoikinga katika tangi, na kutoka tangini tulijaza mtungi mmoja mkubwa uliokaa ndani ya maabara, umefunikwa. Maji yale hakuna aliyeyanywa wala kunawia. Mimi mwenyewe niliwahi kushikwa na kiu nikausogelea, wacha Kigujarati kinimwagikie!

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Kila kitu tulikitengeneza wenyewe, maana madukani hakikuwako. Fedha tuliipata kwa sonara mmoja wa Ndia Kuu, aliyetupa vumbi la tupa yake pamoja na vikuku vilivyovunjika. Tuliviyeyusha katika asidi, yakatoka maji ya rangi ya buluu, kwa sababu masonara wote duniani huchanganya shaba, na wa kwetu hakuwa malaika. Hapo Mwalimu Yusufali alitumbukiza kipande cha shaba ndani ya maji yale, tukakaa tukatazama. Fedha ikaanza kumea juu ya shaba, nyuzi nyuzi, laini kama ukungu wa mkate. Tukaikusanya, tukaiosha, tukaiyeyusha upya, safi. Nimefundisha somo hilo kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka darasa hunyamaza kimya fedha inapomea. Msilifundishe ubaoni, tafadhalini. Lifanyeni.

Zinki tulitoa katika betri za tochi zilizokufa, tulizookota kwenye takataka za kambi ya jeshi kule Makupa. Karatasi za kupimia alikali tulizichovya katika manjano, hiyo hiyo ya mchuzi. Kila mama wa mji huu anajua doa la mchuzi likipata sabuni hugeuka jekundu. Mwalimu Yusufali aliwaambia wanafunzi waende wakawaulize mama zao kwanza, ndipo warudi wafundishwe sababu. Kuhusu asidi, aliniambia mara moja tu: asidi ndiyo itiwayo katika maji, si maji katika asidi. Mimi nikafanya kinyume chake, siku ya pili. Namshukuru Mungu iliharibika kanzu, hayakuharibika macho. Mama yangu aliikata ile kanzu matambara ya jikoni.

Darasa la mwisho, lile la kufanya mtihani wa kutoka ng'ambo, lilikuwa na vijana sita. Tulimaliza nao masomo yote: asidi na alikali, kasi ya mabadiliko, umeme kupita katika maji ya chumvi, sabuni na mafuta, na jambo gumu kuliko yote, kutambua chumvi isiyojulikana. Unapewa unga mweupe katika karatasi, uuyeyushe, uudondoshee dawa hizi na hizi, useme umeundwa na nini. Kanuni ya mtihani ilikuwa kwamba unga una vitu viwili tu: metali moja, na mwenzake mmoja, ama kloridi, ama nitrati, ama kinginecho. Ukishampata huyo mwenzake, hutafuti mwingine.

Kati ya sita hao alikuwamo Swaleh. Nimefundisha watoto wengi, na siogopi kuwaudhi wengine nikisema sijapata mwingine kama yeye. Wenziwe walikariri. Swaleh alitazama. Alikuwa na mtindo wa kusogeza tyubu mpaka karibu na pua ya Mwalimu Yusufali na kumuuliza, "Na hii je?" na Mwalimu alijifanya kuchoka, lakini nilimwona akitabasamu akigeuka. Mama yake, Mwana Rukia, alikuwa mjane aliyeishi kwa kushona kofia, nyumba yake ikikabiliana na lango la skuli. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa ameahidi kumpeleka kijana Bombay kusomea udaktari, na kumlipia kila kitu, kwa sharti apasi kemia. Mtaa mzima ulijua. Wanawake walikuwa wameshaanza kumwita Mwana Rukia mama daktari, naye alikuwa akiwakemea na huku anacheka.

Na Mwalimu Yusufali naye alikuwa na lake. Mwalimu mkuu, Mzungu, alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba kemia kwa vijana wa hapa ni anasa, na kwamba mwaka ule wasipopasi, maabara itafungwa, wafundishwe ukarani. Kwa hiyo mtihani ule ulikuwa wa vijana sita na wa mwalimu wao pia.

Mvua za vuli mwaka ule zilituhini. Tangi lilikauka. Siku moja kabla ya mtihani tulikwangua maji ya mwisho, yakatoka nusu mtungi. Mwalimu Yusufali akapiga hesabu ya kila tyubu ya kila kijana, akasema, "Yatatosha na kubaki." Akaufunika mtungi, akampa msimamizi funguo. Sheria ilikuwa walimu wa somo wasiingie tena mle mpaka mtihani uishe. Funguo ya pili alikuwa nayo Mzee Kombo, bawabu, kwa ajili ya kufagia.

Sasa hapa ndipo pananiuma kuandika.

Alfajiri, watu wametoka kusali, Mwana Rukia alivuka barabara, buibui limemfunika, na mtungi wa maji kichwani. Kisima cha nyumbani kwake kilikuwa na sifa mtaa mzima. Wagonjwa waliletewa maji yake. Alitaka kuwawekea vijana maji ya kunywa mlangoni, apate thawabu, Mwenyezi Mungu amfungulie mwanawe. Alimkuta Mzee Kombo akifagia maabara, mlango wazi. Mazungumzo yao aliyasimulia Mzee Kombo mwenyewe baadaye.

"Mzee Kombo, huo mtungi wenu una maji?"

"Una nusu tu, Mwana. Tangi limekauka."

"Nusu! Leo, siku ya wageni, mtungi ukae nusu? Haya ati si aibu? Watoto wa watu wanafanya mtihani!"

Nyinyi vijana mnaofungua bomba huenda msielewe. Katika nyumba zetu, siku ya shughuli, mtungi ulijazwa mpaka mdomoni. Mtungi wa nusu ulikuwa ni kama kumwambia mgeni rudi ulikotoka. Mwana Rukia akafunua, akamimina maji yake yote, mtungi ukajaa, akaufunika kwa kawa alilokuja nalo, kifuniko kizuri cha kusuka, cha ukili wa rangi, akaondoka zake ana furaha. Mzee Kombo alimshukuru. Nani asingemshukuru?

Mtihani ukafanyika. Sisi tulikaa uani, Mwalimu Yusufali akitafuna karafuu moja baada ya nyingine. Vijana wakatoka. Wa kwanza akasema, "Kloridi, Mwalimu! Ilikuwa wazi kabisa." Wa pili, kloridi. Wa tatu, wa nne na wa tano, kloridi, wameshikana mabega. Swaleh alitoka wa mwisho, akatuamkia, akapita moja kwa moja kwenda kwao.

Tulipoingia kusafisha, Mwalimu Yusufali akaliona lile kawa geni. Akafunua. Akachukua tyubu safi, akatia maji matupu ya mtungini, akadondosha tone la fedha. Maziwa yaliyokatika. Akaketi juu ya kigoda. Nikamwita Mzee Kombo, naye akatueleza niliyokwisha kuwaeleza.

"Twende kwa mwalimu mkuu sasa hivi," nikasema. "Tumwambie maji yalichafuka, aandike ng'ambo."

"Atauliza nani aliyeyatia."

"Tumwambie."

"Tumwambie kwamba mama wa mtahiniwa aliingia chumba cha mtihani asubuhi ya mtihani?" Akanitazama. "Huyo atakaa aeleze habari ya thawabu na mtungi wa wageni, Mzungu amwelewe? Ataandika wizi wa mtihani. Swaleh hatafanya mtihani mwingine maisha yake, na hawa wengine watafutiwa pamoja naye. Na mama yake atasimama wapi mji huu?"

Akamwapisha Mzee Kombo anyamaze, akaniapisha na mimi. Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu, akasema tangi lilikauka na kwamba yeye Yusufali ndiye aliyeamuru mtungi ujazwe kwa maji ya kisima. Barua ikaandikwa. Jibu lilikuja na matokeo: watahini husahihisha kilichoandikwa. Vijana wote sita walianguka kemia.

Maabara ikafungwa. Mwalimu Yusufali akaachishwa, akaenda kuuza rangi na misumari dukani kwa ami yake. Mimi nikabakishwa kufundisha hesabu mpaka kemia iliporudi, miaka mingi baada ya vita. Yule mfanyabiashara akampeleka Bombay kijana mwingine. Swaleh akaajiriwa Kilindini, bohari ya pamba, kwenye mizani.

Mwana Rukia alimfuata Mwalimu Yusufali mpaka dukani. Mimi nilikuwapo, nimekwenda kumjulia hali.

"Mwalimu, nataka unambie. Mwanangu alikosea wapi?"

"Hakukosea, Mwana. Aliandika alichokiona."

"Basi nani aliyekosea?"

"Mimi. Maji yalikuwa mabaya. Maji yalikuwa juu yangu."

Akamtazama hivi, toka juu mpaka chini. "Mwanangu alikuwa awe daktari," akasema. "Wewe umeshindwa hata na maji? Mimi mwanamke nisiyesoma nilileta mtungi mzima, na wewe mwalimu ukashindwa na maji! Mungu akulipe, Yusufali. Sikusamehe." Watu wa dukani wakawa wametazama chini. Mwalimu Yusufali akajibu, "Naam, Mwana," basi. Alipoondoka nikataka kumfuata. Akanishika mkono wa kanzu, akanikumbusha kiapo.

Kutoka siku ile barazani kwetu aliitwa Yusufali wa maji. Akipita, wengine hawakumwitikia salamu. Watu aliokua nao! Aliendelea kuuza rangi, na kila akifungua kopo alilisogeza mbali na kupepea harufu kwa kiganja, kama alivyotufundisha, asije akavuta mvuke. Wateja walimcheka kwa hilo. Alifariki kabla kemia haijarudi, na katika mazishi yake tuliokuwa wanafunzi na walimu tulihesabika kwa vidole. Swaleh alikuwapo, amesimama nyuma kabisa. Nikadhani amekwenda kwa adabu tu.

Mimi nilikaa na kiapo. Mwana Rukia akawa mzee, nami kila asubuhi nikipita kwenda kazini humkuta dirishani. "Wewe ni mwalimu mzuri," huniambia. "Si kama yule wa maji." Nami nikamjibu, "Sabalkheri, Mwana," nikapita haraka. Niliumia kila siku aliyoniambia, wala sikuzoea. Nyinyi mlikuwa mkiniona naingia maabara nimenuna mkadhani ni tabia yangu.

Mwaka huu Mwana Rukia amekwenda mbele ya haki. Baada ya hitma Swaleh alinisindikiza. Ni babu sasa, mgongo umeanza kupinda. Nikaona wakati umefika. Nikamwambia, "Swaleh, kuna jambo la mtihani ule. Mwalimu Yusufali hakuyatia yale maji."

"Najua, Mwalimu. Ni ya mama."

Nikasimama pale pale njiani. "Nani alikwambia?"

"Kawa. Mama alilisuka mwenyewe, na mimi ndiye niliyempakia rangi ukili. Nilipoliona juu ya mtungi nikashtuka. Nikatia tone la fedha katika maji matupu, yakawa meupe."

"Ukanyamaza?"

"Ningeinua mkono, angeulizwa mama. Nilikwenda kwa Mwalimu Yusufali dukani, miaka ile ile, nikamwambia mama anavyomtukana mimi siwezi kuvumilia, nataka kumweleza mama kweli. Akanikataza. Akasema, 'Mama yako alikuletea maji. Alilofanya ni hilo. Usimpe jingine la kubeba.' Basi nikamwachia yeye alibebe. Mwalimu wangu, Mwalimu! Nilimwachia." Akafuta uso kwa kilemba.

Tulitembea kidogo. Kisha ualimu ukanishinda, nikamuuliza, "Lakini wewe ulipokwisha kujua maji yana kloridi, si ungeendelea kutafuta? Ungetafuta nitrati."

"Niliitafuta."

"Ukaona nini?"

"Pete ya kahawia, ile alama ya nitrati, nzuri, kama uliyotuonyesha wewe. Ilikuwa nitrati ya zinki."

Ilikuwa nitrati ya zinki. Nilikuwa na jibu hilo kutoka ng'ambo tangu siku ya matokeo, na hakuna mtu niliyepata kumwambia.

"Basi mbona uliandika kloridi?"

Akanitazama kama ninavyowatazama watoto wanaouliza jambo nililokwisha kulieleza. "Wenzangu watano walikuwa wameinama wanaandika kloridi, Mwalimu, kwa maji ya mama yangu. Mimi nipite peke yangu?"

Tulikuwa tumefika mlangoni kwangu. Ningekuwa na kalamu nyekundu ningempa alama zake pale pale barabarani, lakini alikuwa akiaga, kwa sababu kesho yake alfajiri alikuwa na zamu ya mizani.